Kutu ya Pikapu Kuukuu: Kazi ya Uani au ya Gereji?

MMILIKI: Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwenye pikapu kuukuu, tuseme Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyobeba samaki na barafu kutoka dikoni kwa miaka mingi, anaweza kuitoa kutu na kuipaka rangi uani kwake, na kwamba mara nyingi ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko gereji atakayoilipa. Sababu yake ni muda. Kazi ya kutu ni kukwangua, kuosha, kukausha, kupaka na kusubiri, na katika hatua hizo ile inayoamua kama kutu itarudi ni kusubiri, jambo ambalo gereji haiwezi kuliuza kwa kuwa kila gari linalolala uwanjani linaziba nafasi ya lingine. Mwenye gari anaweza kung'oa mlango mmoja, akauegemeza ukutani, akaushughulikia juma zima kabla ya kugusa wa pili; fundi anayelipwa kwa kazi iliyokamilika, si kwa siku, akifanya hivyo atakula hasara.

FUNDI: Muda ni mali kwa anayejua autumie wapi. Anayeanza kazi hii uani huona lengelenge la rangi chini ya mlango, akalikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akapaka, akaridhika, ilhali lengelenge hilo lilikuwa mwisho wa safari ya kutu wala si mwanzo wake. Mlango wa gari ni mabati mawili yaliyokunjwa pamoja ukingoni, na chini yake kuna vitundu vya kutolea maji yanayopenya kwenye mpira wa kioo. Vumbi na majani yakiviziba, maji hutuama ndani, bati huliwa kutoka upande usioonekana, na rangi ya nje huvimba siku ambayo bati limebaki utando tu. Fundi mzoefu haanzi na msasa. Huanza na nyundo ndogo na bisibisi: hugonga ukingo wa chini wa mlango, hugonga mfereji wa paa, huinua mpira wa sakafuni, huchungulia nyuma ya taa za mbele na juu ya matairi, na pale ambapo mlio wa chuma unageuka kuwa mzito na butu, hapo husukuma bisibisi. Ikizama, hakuna tena cha kupiga msasa. Kuna kipande cha kukata.

MKEMIA: Kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalichukulia kirahisi, nalo ni kwamba kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, sehemu moja ya bati hupoteza elektroni na kuyeyuka, sehemu nyingine huzipokea, na maji yaliyo baina ya sehemu hizo hubeba chaji kama inavyofanyika ndani ya betri. Kinachozalika ni oksidi yenye maji, ambayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya ile ya chuma kilicholiwa, kutegemea aina yake, na ndiyo maana rangi huinuliwa ikavimba. Oksidi ya alumini hushikamana na alumini ikawa ngozi ya kuikinga, lakini kutu ina matundu, hivyo hupitisha maji na hewa hadi kwenye chuma kilichobaki. Katika pwani ipo pia kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi yenye chaji hasi, ambayo huyawezesha maji kupitisha umeme kwa wepesi na huharibu utando wowote wa kinga unaojaribu kujijenga juu ya chuma. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kugeuka majimaji pale unyevunyevu unapofikia takriban asilimia 75, na kloridi ya magnesi, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, hufanya hivyo kwenye asilimia 33 hivi. Kwa hali ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja, maana yake ni kwamba bati lenye chumvi haliwi kavu kikweli, hata kama mkono unalihisi kavu. Chumvi hiyo hujificha katika vishimo ambavyo kutu imevichimba, na brashi ya waya iliyofungwa kwenye grinda hung'arisha midomo ya vishimo tu, huku kilichomo ndani kikibaki salama salimini kikisubiri kufunikwa na rangi.

MMILIKI: Maelezo hayo yanaipa nguvu hoja ya uani. Ikiwa adui ni chumvi iliyojificha kwenye vishimo, dawa yake ya kwanza ni maji safi, tena mengi, yanayorudiwa, bati likisuguliwa, likasuuzwa, likakaushwa, likakaguliwa, na likisha kuonyesha madoa ya rangi ya chungwa upya likasuuzwa tena. Hakuna utaalamu adimu katika hilo. Katika gereji nyingi za mitaani bati hupigwa msasa mkavu, hupulizwa vumbi kwa upepo wa kompresa, kisha hupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zile zitakazofuata, na mteja huondoka na chumvi yake ikiwa imehifadhiwa chini ya rangi mpya.

MKEMIA: Ni kweli, ila maji hayo yasiwe ya kisima kilicho karibu na ufuko, kwa kuwa visima vingi vya pwani vimeingiwa na maji ya bahari na ladha yake inatosha kuwa kipimo. Mafuta nayo sharti yatolewe mwanzo kabisa, kwa sabuni na kisha kwa thina, yaani kiyeyushi cha rangi, kwa sababu anayepiga msasa kabla ya kuosha huyasukuma mafuta na chumvi ndani ya mikwaruzo ambayo msasa wenyewe umeichora.

FUNDI: Lawama iliyotupwa kwa gereji za mitaani inastahili jibu la wazi. Zile ambazo Tanzania huitwa gereji bubu, yaani zisizo na leseni wala kibao, hufanya kazi kwa bei inayopangwa na mteja kuliko inavyopangwa na fundi. Mteja huja akitaka rangi na hakubali kulipia kutu. Akiambiwa kwamba sakafu ya pikapu imetoboka na inahitaji bati jipya, hujibu kwamba zibeni tu, gari litauzwa mwakani. Hapo ndipo tundu linapozibwa kwa gazeti lililokunjwa au kwa wavu, juu yake ikapakwa fila, yaani lahamu ya poliesta inayokaushwa kwa kuchanganywa na kigumishi kiitwacho hadena, ikasawazishwa, ikang'arishwa. Fila si chuma na haizuii maji. Unga wa talki uliomo ndani yake hunyonya unyevu na kuupeleka kwenye bati, na fundi anayeibandika juu ya kutu anajua kwamba itadondoka. Anajua pia kwamba akikataa, jirani yake wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ataifanya kazi hiyo mchana huohuo. Mmiliki anayeisifu subira ya uani angeileta subira hiyohiyo gereji, pamoja na malipo yake, pengine kazi angeiona ni nyingine.

MMILIKI: Fundi amekiri kwamba mteja hupata anachokilipia, lakini hajasema mteja atajuaje kwamba amekipata. Rangi ikishapakwa, kazi njema na kazi mbovu hufanana kwa muda wa masika mawili au matatu. Anayefanya mwenyewe huliona bati likiwa tupu, na kuliona huko ndiko hasa anakokitafuta. Hata akishindwa kuchomelea, atamwita fundi wa kuchomelea aje na mashine yake uani, aonyeshwe kipande kilichokatwa, achomelee mbele ya macho ya mwenye gari, kisha hatua nyingine zirudi mikononi mwa mwenyewe.

FUNDI: Mpango huo unawezekana, mradi ieleweke kinachoitwa kwa wepesi kuchomelea ni kitu gani. Bati la bodi ya pikapu ya zamani lina unene unaokaribia milimita moja au pungufu, na mashine ya kawaida ya fimbo, inayotumika kutengenezea madirisha na mageti, hulichoma likatoboka kabla halijashikana. Linahitaji gesi katika mkono mwepesi, au mashine inayolisha waya mwembamba, na hata hivyo sharti lishikizwe kwa nukta zilizoachana ili joto lisilikunje. Betri hukatwa kwanza, tangi la mafuta huondolewa na kupelekwa mbali, maana tangi lililo tupu, lililojaa mvuke wa petroli, ni la hatari kuliko lililojaa. Ikiwa bati lina zinki, moshi mweupe unaotoka humletea anayeuvuta homa ya usiku kucha. Yote hayo yafanyike uani, karibu na kamba ya nguo na jiko la mkaa?

MKEMIA: Kwa kutu ambayo haijatoboa, yapo mambo mepesi yanayofaa uani kuliko grinda. Vitu vidogo vinavyong'oleka, kama bawaba, vishikio na vipande vya bampa, vinaweza kulowekwa katika molasi, yaani ile asali nyeusi inayobaki viwandani baada ya sukari kutolewa, ikiwa imezimuliwa kwa maji sehemu tisa. Viambato vyake huishika kutu na kuiyeyusha polepole, kwa siku kadhaa au majuma, bila kukishambulia sana chuma kizima. Mikoa yenye viwanda vya sukari kama Kilombero au Mtibwa haina uhaba wa molasi, na harufu yake ndiyo gharama yake kubwa. Asidi ya fosfori nayo hugeuza kutu nyembamba iliyobaki vishimoni kuwa fosfati ya chuma, ambayo haiendelei kuota na hushika praima. Tanini hufanya kazi inayofanana na hiyo, kwa kuigeuza kutu kuwa kiwanja cheusi chenye ubuluu. Ni tanini ileile iliyofanya magome ya mikoko ya pwani hii, kuanzia Lamu hadi Rufiji, kuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na huko Malaysia watafiti wameichunguza tanini ya mikoko hasa kwa ajili ya kuzuia kutu. Ila asidi isiguse springi wala boliti ngumu, kwa sababu haidrojeni inayozaliwa huingia ndani ya chuma hicho na kukifanya kivunjike ghafla. Wanaotoa kutu kwa umeme wa chaja ya betri katika beseni la magadi wasitumie chuma kisichoshika kutu, kama vile sufuria au vijiko vya stenlesi, upande wa chanya, kwa kuwa hutoa kromiamu ya aina inayosababisha saratani.

FUNDI: Tuseme kutu imekwisha. Bado kuna rangi, na hapo uani panaumbuka. Kanuni ya wapakaji wa viwandani ni kwamba joto la chuma lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda kuwa matone, kwa nyuzi 3 za selsiasi au zaidi. Asubuhi ya pwani yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 90, umande hushuka kwenye nyuzi 24 hivi, hivyo bati lililolala nje halifai kuguswa na rangi yoyote. Anayengoja mpaka saa tano hukuta jua limeshalipasha bati, rangi inakauka juu kabla ya ndani, thina iliyonaswa inatoka kwa kutoboa, na uso wote unajaa vitundu vya ncha ya sindano. Akisogea mchana, upepo wa bahari unamletea vumbi na chumvi ileile aliyoiosha juma zima.

MMILIKI: Saa zilizobaki katikati ni chache, lakini zipo, na mwenye gari ana asubuhi nyingi kuliko fundi. Paa la makuti au turubai lililoinuliwa vizuri hulikinga bati na jua bila kulifungia unyevu. Isitoshe, uani si lazima kupuliza. Mtu anaweza kutumia brashi nzuri au rola ndogo ya sponji na enameli ya mafuta, yaani rangi ngumu inayokauka polepole na kujisawazisha yenyewe, akapaka tabaka jembamba, akaacha likauke kabisa, akalipitisha msasa wa maji namba 600, akapaka jingine. Kupuliza kulikuja kwa sababu ya haraka ya kiwanda. Kabla ya mwaka 1923, ambapo kampuni za DuPont na General Motors zilitoa rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, kupaka gari kwa brashi na vanishi kulichukua majuma, na ni Duco iliyoupunguza muda huo ukawa wa saa na siku. Pikapu ya kubebea samaki haidaiwi kung'aa kama gari la harusi. Inadaiwa rangi nene isiyo na tundu, ambayo brashi inaweza kuisukuma ndani ya pembe na mishono ambako ukungu wa bunduki ya kupulizia haufiki.

FUNDI: Kwa pikapu ya kazi hoja hiyo inakubalika, ingawa mwenye gari akishaiona michirizi ya brashi juani huanza kuulizia kompresa, na muuza rangi humpa rangi ya 2K, yaani ya sehemu mbili, ambayo hukauka kwa kuchanganywa na hadena yenye isosianeti. Kemikali hiyo ikivutwa katika umbo la ukungu huufanya mwili uikatae, na anayeugua kwa sababu yake hupata pumu inayorudi kila anapoikaribia tena, hata kwa kiasi kidogo. Nchini Uingereza imekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu. Kinachotakiwa ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Unyevu wa pwani nao hushindana na rangi katika kuinywa hadena, ukazalisha gesi ya kaboni dioksidi inayoacha vipovu ndani ya rangi.

JIRANI: Mpaka hapa mjadala umeendeshwa kana kwamba uani pana mtu mmoja. Vumbi la msasa halijui ukuta. Pikapu ya umri huo imepakwa mara nyingi na watu tofauti, na katika matabaka ya chini huenda kukawa na rangi za njano na nyekundu zenye risasi, au ile praima nyekundu ya oksidi ya risasi iliyopendwa zamani kwa meli, madaraja na malori. Leo viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 katika milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani haikusubiri viwango hivyo, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto wa nyumba ya pili hutambaa, hushika udongo, hutia mkono kinywani. Mwenye gari anayejivunia kuokoa fedha za gereji hajaiweka gharama hiyo kwenye hesabu yake, kwa sababu anayeilipa si yeye.

MMILIKI: Hoja hiyo ni nzito na haikwepeki kwa kusema kwamba kazi ni ya mara moja. Kinachowezekana ni kupiga msasa wa maji badala ya mkavu, ili vumbi ligeuke tope; kutandika nailoni chini, kukusanya tope hilo na kulifunga pamoja na magamba ya rangi; kutotumia grinda wala moto kuondolea rangi ya zamani; na kuwaondoa watoto wote, wa pande zote mbili za ukuta, siku za kazi hiyo. Thina iliyotumika haimwagwi mtaroni. Mwenye gari asiyekuwa tayari kwa masharti hayo hana haki ya kuutumia uani kwa shughuli hii, na hilo linatamkwa na upande unaoitetea shughuli yenyewe.

FUNDI: Ndiyo maana kazi hii ikapewa mahali pake.

JIRANI: Mahali gani? Gereji nyingi zinazotajwa ziko chini ya mwarobaini wa mtaa, hatua chache kutoka kwa mama lishe, na bunduki ya kupulizia huelekezwa upande wowote ambao upepo umeamua. Wapo hata wanaopuliza kutu kwa mchanga mkavu wa ufukweni, wakiyajaza mapafu yao na ya wapita njia vumbi la silika, ilhali Uingereza iliupiga marufuku mchanga katika kazi za namna hiyo kwa kanuni za mwaka 1949. Anayesema kwamba gereji ni salama kuliko uani ataje kwanza ni gereji ipi.

FUNDI: Ni ile yenye chumba cha rangi chenye feni na vichujio, na zipo, ila bei yake kwa pikapu ya umri huo inaweza kukaribia bei ya pikapu yenyewe. Nyingine hazistahili kutetewa katika jambo hilo.

(Mabishano ya aina hii hukaa sana kwenye rangi, pengine kwa sababu ndiyo inayoonekana barabarani. Chasisi, iliyobeba kila kitu, huletwa mwishoni au hailetwi kabisa.)

MKAGUZI: Swali la nani apake mlango si la usalama wa umma. Mlango uliotoboka humwaibisha mwenyewe. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, kabini, karia na springi, ikiliwa na kutu huvunjika ikiwa na mzigo, mara nyingi pale springi zinapofungwa au pale fremu inapojipinda kupita juu ya mhimili wa nyuma, na mbele yake kuna watu. Kutu ya hapo haihitaji ufuko wa bahari wala uzembe wa fundi wa mtaani: nchini Marekani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyushia barafu ilizitoboa fremu za Toyota Tacoma kiasi kwamba mwaka 2008 kampuni iliamua kuyanunua tena baadhi ya magari ya 1995 hadi 2000 kwa mara moja na nusu ya thamani yake, na mwaka 2016 ikafikia makubaliano mahakamani yaliyohusu takriban magari milioni 1.5, yakikadiriwa kugharimu hadi dola bilioni 3.4. Hayo yalikuwa magari ya kiwandani, yaliyopakwa kwa mitambo. Mwenye pikapu anayelala chini ya gari na brashi ya waya hawezi kuona ndani ya fremu iliyofungwa pande nne, na kiraka atakachochomelea juu yake kitaanzisha ufa kwenye ncha za mshono endapo hakikukatwa na kupangwa inavyopaswa. Katika ukaguzi wa Uingereza, kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali paliposhikizwa springi, usukani au breki hupimwa kwa ukali kuliko ya mahali pengine, na mgawanyo huo ungefaa kufuatwa hata uani: sentimita hizo si za mwenye gari kujifunzia.

MMILIKI: Mpaka huo unakubalika bila ubishi. Lakini kukaguliwa si kutunzwa, na fremu isiyotunzwa nyumbani haitunzwi popote. Mabaharia wa pwani hii walizipaka mbao za majahazi sifa, yaani mafuta ya ini la papa, vizazi na vizazi, na mafuta ya samaki yanafaa kwa chuma pia: kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1921 na nahodha Robert Fergusson, husimulia kwamba ilitokana na nahodha huyo kuona mafuta ya samaki yaliyomwagika yakizuia kutu kwenye sitaha ya chuma. Madereva wengi hupaka chasisi oili chafu kwa nia hiyohiyo.

MKEMIA: Nia ni moja, vitu ni viwili. Mafuta ya samaki hukauka kwa kushika oksijeni, yakaacha utando. Oili ya injini haikauki, husafishwa na madimbwi ya kwanza ya masika na kuishia mtaroni au kisimani, na iliyokwisha kutumika ina asidi na madini mazito iliyoyakusanya ndani ya injini. Kibaya kuliko vyote ni lami nyeusi inayopakwa chini ya gari kuukuu: hupasuka, maji yakaingia nyuma yake, yakakaa humo, na chuma kikaliwa gizani. Nta inayobaki laini, inayopulizwa ndani ya fremu kupitia vitundu vyake baada ya kuoshwa na kukauka, hurudiwa kila mwaka na huacha chuma kionekane.

FUNDI: Sokoni, chuma kinachoonekana humpunguzia muuzaji bei. Mnunuzi akiinama akakuta fremu ya kahawia yenye nta, hata kama ni nzima, huondoka. Akikuta nyeusi ya lami inayong'aa, husema gari limetunzwa. Mmiliki aliyefanya kazi safi uani, akaiacha fremu yake wazi kwa uaminifu, atauza kwa hasara mbele ya aliyepaka lami juu ya matundu. Rangi ya bodi nayo ikibadilishwa lazima taarifa zipelekwe kwenye mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, ili kadi ifanane na gari. Mnunuzi huidai kadi hiyo, lakini ya chini ya gari haulizi.

MMILIKI: Basi lami ikwanguliwe kwenye zile sentimita 30 kabla bei haijatajwa, na anayeuza awe ndiye anayelipia ukwanguaji.

FUNDI: Muuzaji hatakubali, hasa yule anayejua kilicho chini yake.

MKAGUZI: Kukataa kwake kuandikwe mahali ambapo matokeo ya kuigonga fremu kwa nyundo yangeandikwa.